Mgeni wa Jaruba la Juu

Uliiona ile karatasi. Usijifanye hamnazo. Ilibandikwa kwenye mlango wa ghala la skimu ya umwagiliaji, ikakaa pale siku tisa, nawe ulipita mbele yake kwenda na kurudi. Ulisoma maandishi makubwa ya juu, MBEGU MPYA: KARIBU MARA MBILI, ukatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, ukaenda zako. Hukuuliza nani alipima. Hukuuliza alipima wapi. Ulisema moyoni kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, na wataalamu nao wakasema kwamba wakulima wenyewe wamekubali. Mkatupiana mpira hivyohivyo mpaka ukabaki peke yake katikati ya uwanja, na hakuna aliyekwenda kuuokota.

Mwanamke mmoja alikwenda. Na kabla hujampigia makofi, ujue kwamba siku ya kwanza naye aliipita karatasi ile, tena akicheka. Kosa lililoandikwa pale lilikuwa la mikono yake mwenyewe.

Watu wa skimu walimwita Komeo. Kazi yake ilikuwa kugawa maji. Alikuwa na mageti kumi na manne kwenye mfereji mkuu, funguo kumi na nne kwenye kamba shingoni, na daftari la jalada gumu alimoandika kila geti limefunguliwa saa ngapi na limefungwa saa ngapi. Jina alipewa na wenye majaruba ya mpunga ya mkiani, kule ambako maji hufika mwisho na yakiwa yamechoka. Walimpa kwa hasira, yeye akalivaa kama nguo iliyomkaa. Alikuwa pia na majaruba yake, la juu likiwa limepakana na geti la tatu, na la chini, linaloletewa maji na geti hilohilo, likiwa kule mkiani kwenye kona ya mtaro, penye chumvichumvi.

Msimu uliotangulia alikuja Mtafiti kutoka kituo cha utafiti, mtu mwembamba, mpole, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alileta mbegu chotara ya mpunga. Alisema kituoni imeshafanya vizuri, lakini hilo halimridhishi.

"Kituoni kila mche una yaya wake," aliwaambia. "Nataka nione mbegu hii inaishije kwenu, kwenye mashamba yanayolimwa na watu wenye shughuli zao."

Hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili, na watu wakampenda. Wakulima wanane wakajitolea, Komeo akiwa mmoja wao. Kila mmoja atoe majaruba mawili yenye ukubwa sawa, moja apande mbegu mpya, jingine apande ile ya siku zote. Mbolea sawa, siku ya kupandikiza moja, palizi sawa. Alipokwisha kueleza, Mtafiti akatabasamu na kuongeza neno moja la kuagana.

"Basi huyu ndiye mgeni wenu. Mpokeeni vizuri."

Watu wakacheka, na mbegu ikapata jina. Tangu siku ile ikaitwa Mgeni, na ile ya zamani, ambayo haikuwahi kuhitaji jina, ikaitwa Mwenyeji.

Mavuno yakaja, yakapimwa, karatasi ikabandikwa. Shamba la Komeo liliongoza yote: Mgeni magunia tisa, Mwenyeji magunia matano. Alipigiwa makofi mbele ya ghala. Mwenyekiti wa skimu alimshika mkono akautikisa kama pampu ya baiskeli. Mwenyekiti huyo walimwita Tayari, kwa sababu hajawahi kukushauri jambo kabla ya kukwambia kwamba limeshakuwa tayari.

"Alhamisi ijayo tunapiga kura," Tayari alitangaza. "Kuanzia msimu ujao kitalu cha skimu kioteshe Mgeni peke yake. Na ile mbegu ya zamani iliyomo stoo tutaikoboa tuile. Utaratibu wote uko tayari."

Ieleweke hapa kinachosemwa. Skimu ile ilikuwa na kitalu kimoja cha miche, cha wote, kwa kuwa maji ya kumwagilia vitalu sitini hayakuwepo. Kisichooteshwa kitaluni hakipandwi. Na mbegu iliyokobolewa haioti tena hata uisomee dua. Kura ya Alhamisi ilikuwa ya kumfukuza Mwenyeji nyumbani kwake asirudi, na watu walikuwa wakiizungumzia huku wakitafuna vijiti vya meno.

Jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, Komeo alikaa barazani akinawa miguu. Binti wa kaka yake alikuwa amekaa kwenye ngazi anasugua buti kwa brashi. Alikuwa bibi shamba, ndiyo kazi yake ya kwanza. Kituo kilimwajiri apime na kuandika majaribio yote manane, naye akaishi kwa shangazi yake kwenye chumba cha nyuma, na mizani ya kuning'iniza ikalala naye humohumo.

"Hongera, shangazi. Umewaacha wote."

"Mpunga ndio umewaacha. Mimi nilifungua maji tu." Komeo alijifuta kidole kimoja kimoja. "Lakini mwanangu, Mwenyeji kunipa matano? Huyu hajawahi kunipa chini ya saba. Na mwaka huu mvua haikutubania. Aliumwa?"

"Hakuumwa. Nilikuwa namtembelea kila wiki."

"Basi kanuna."

"Mpunga haununi, shangazi."

"Wewe umesoma tu. Huwajui wenyeji."

Binti akacheka. "Kwani ulimpanda wapi?"

"Kule chini, kwenye kona ya mtaro."

"Na Mgeni?"

"Juu, getini. Mgeni unamlaza wapi, jikoni?"

Brashi ikasimama.

Binti aliweka buti chini, akaingia ndani, akarudi na fomu. Alizipekua tangu ile ya kwanza mpaka ya nane, kisha akazirudia. Zilikuwa na nafasi ya urefu wa jaruba, upana, tarehe ya kupandikiza, mbolea, palizi, idadi ya mashina kwenye mita moja ya mraba. Hazikuwa na nafasi ya kuandika jaruba liko juu au mkiani. Fomu zilichapishwa kwa ajili ya kituo, na kituoni maji hufika kila mahali sawasawa, kama chai kwenye vikombe vya ofisi.

"Shangazi," alisema polepole, "maji ulikuwa unampa nani kwanza?"

Komeo hakuhitaji kufikiri. Aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa daftari lake, akalifungua kwenye kurasa za geti la tatu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba aliyasoma maandishi yake kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Asubuhi: juu. Asubuhi: juu. Jioni: juu, chini kidogo. Siku ya joto kali: juu mara mbili.

"Nimempendelea," alisema. "Kila siku nilimpendelea, na kila siku nikaandika kwa mkono wangu."

Kesho yake asubuhi waliwazungukia wale saba wengine. Fundi baiskeli walimkuta akiziba pancha, kainamia gurudumu.

"Mgeni nilimweka juu, ndiyo," alisema. "Sasa ningemweka wapi? Watu wa kituo wanakuja na gari, wanakuja na kamera, halafu niwaoneshe mgeni wao amekaa kwenye chumvi? Mke wangu angenihama."

Mkunga alikuwa anaanika mashuka. "Mimi nilikuwa nimeshapandikiza Mwenyeji kule juu," alisema bila kugeuka. "Nikamng'oa. Nikamwambia, sogea baba, nyumba ina mgeni."

"Ukamng'oa kabisa?"

"Kwa adabu. Nilimbeba kwenye beseni."

Wengine watano walijibu hivyohivyo, kila mmoja akidhani amefanya hivyo peke yake. Nane kwa nane. Hakuna aliyekula njama, hakuna aliyehongwa. Watu wanane waliolelewa vizuri walimpisha mgeni mahali pazuri pa nyumba, wakamsukumia mwenyeji mlangoni, kisha skimu nzima ikakaa kushangaa kwamba mgeni kanenepa.

Njiani kurudi, walipofika kwenye geti la tatu, binti alisema, "Jina langu liko chini ya ile karatasi. Nikisema imekosewa, msimu ujao wataajiri mwingine."

"Ndiyo maana wewe hutasema. Nitasema mimi. Wewe ulipima ulichokikuta, na ulipima sawasawa. Aliyekipanga ni mimi."

"Watakucheka, shangazi. Jana tu wamekupigia makofi."

"Wacheke. Nilikuwa Komeo kabla ya makofi."

Mwanamke huyu alikuwa na jambo analolikumbuka ambalo wewe umelisahau, au umelisahau kwa makusudi. Miaka kumi na minne nyuma ilikuja mbegu nyingine, kwenye mifuko ya buluu. Ilisifiwa vivyo hivyo, na watu wakamaliza mbegu zao kwa kuzipika, kwa nini uweke akiba ya kitu kilichopitwa na wakati. Msimu wa pili mifuko ya buluu haikuja. Waliojaribu kupanda tena mpunga waliouvuna waliona vioja: shina moja refu kama mlingoti, jirani yake fupi kama mswaki, lingine limechanua wakati wenzake bado wanalala. Mbegu chotara ndivyo ilivyo, wanawe hawafanani naye. Hilo si siri wala si dhambi, ila mtu aambiwe mapema. Hawakuambiwa. Skimu nzima ililala njaa ya mbegu, mpaka ikajulikana kwamba mama yake Komeo alikuwa na debe moja la mpunga wa zamani chini ya kitanda, alilolificha kwa ubishi tu. Kutoka kwenye debe lile, kikombe kwa kikombe, ndivyo Mwenyeji alivyorudi. Kila suke la Mwenyeji lililoko pale lilitoka chini ya kitanda kile.

Jumanne alasiri Tayari alimfuata kwenye mfereji.

"Dada, nasikia unazunguka."

"Nazunguka kila siku. Nalipwa kwa hilo."

"Unazunguka na binti, mnauliza watu maswali."

"Swali moja tu, tena fupi."

Tayari alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka na anayependa jambo likwishe. "Sikiliza. Mtafiti anakuja, wakubwa wake wanakuja, bango limeshachorwa. Chumba cha mbegu nimeshakifagia."

Komeo aliinua kichwa. "Umekifagia? Mwenyeji umemweka wapi?"

"Kwenye magunia, mlangoni. Anasubiri mashine ya kukoboa. Kila kitu kiko—"

"Usimguse mpaka Alhamisi."

"Unanitishia kwa maji?"

"Maji ni ya wote, sitishi nayo mtu. Nakutishia kwa kumbukumbu." Alifunga geti, akazungusha ufunguo. "Mwaka ule wa mifuko ya buluu, mtu wa kwanza kabisa kugonga mlango wa mama yangu, ameshika kikombe, kavua na kofia, unataka nimtaje Alhamisi au niache?"

Kofia ya Tayari ilikuwa kichwani. Akaivua, akaitazama, akairudisha.

"Kikombe kilikuwa kidogo," alisema.

"Kilikuwa kikubwa, cha bati, kina ufa."

Alhamisi asubuhi ghala lilijaa. Mabenchi yalipangwa, bango likatundikwa, na magunia ya Mwenyeji yalikuwa pale mlangoni, watu wakiyakalia kwa kukosa viti. Mtafiti alizungumza vizuri, akashukuru, akasoma matokeo. Tayari akauliza kama kuna neno kabla ya kura, kwa sauti ya mtu anayeomba lisiwepo.

Komeo alisimama akaenda mbele, miwani puani, daftari mkononi.

"Shamba lililoongoza ni langu," alisema. "Sasa nitawasomea liliongoza vipi. Geti la tatu, msimu mzima. Mgeni alikunywa maji saa sitini na mbili. Mwenyeji, saa ishirini na tisa. Mgeni alikuwa getini. Mwenyeji alikuwa kwenye chumvi, mkiani. Na aliyefungua maji ni huyu hapa."

Kicheko kikaanzia nyuma. "Komeo umetuangusha," mtu akasema, "kumbe na wewe unafunguka?"

"Mnacheka nini? Nina mageti yenu wote humu." Alilamba kidole, akafunua ukurasa. "Tuanze na nani?"

Kicheko kikakatika kama redio iliyoisha betri. Fundi baiskeli akasimama mwenyewe, akakiri. Mkunga akafuata, akaeleza habari ya beseni. Wakasimama mpaka wakafika wanane.

Mtafiti alikuwa ameweka kalamu chini. "Nani aliwaambia mumweke juu?"

"Wewe," Komeo alisema. "Ulisema tumpokee vizuri."

"Nilikuwa nasema tu."

"Sisi tulikuwa tunasikia."

Mtafiti aliwageukia wakubwa wake, akawageukia watu. Angeweza kusema kwamba wakulima wameharibu kazi yake, na wapo watafiti ambao wangesema hivyo, na wewe ungewaamini. Yeye alisema, "Nilipaswa kupanga mimi nani akae wapi, tena kwa bahati nasibu. Sikupanga. Kosa ni langu."

"Tugawane," Komeo alisema. "Nusu yako, nusu yangu. Na mimi simchukii huyu Mgeni. Huenda ni mzuri kweli. Lakini sijamwona bado, nimemwona amekaa sebuleni tu. Nataka nimwone mkiani, maji yamechelewa siku nne na hakuna anayemtazama. Na Mwenyeji nimwone getini. Msimu mmoja. Baada ya hapo mtu apige kura akijua anachopigia. Mpaka siku hiyo, inukeni kwenye hayo magunia. Mnamkalia mtu."

Walioinuka kwanza walikuwa watu wa mkiani. Mikono ikahesabiwa: arobaini na mmoja walitaka jaribio lirudiwe, kumi na saba hawakutaka. Tayari alikuwa miongoni mwa arobaini na mmoja, mkono wake umeinuliwa nusu, kama mtu anayesimamisha gari asilokuwa na uhakika nalo.

Msimu ule mpya kila shamba liligawanywa upya. Jaruba la juu nusu Mgeni, nusu Mwenyeji. La mkiani vivyo hivyo. Nani akae kulia na nani kushoto, binti wa kaka yake alirusha kizibo cha soda kwenye kila tuta, watu wakishuhudia, na akaandika. Kwenye fomu alipiga mstari kwa rula, akaongeza nafasi moja iliyokosekana: Mahali.

Haikuwa rahisi. Kuna mchana mmoja wa jua la kupasua fuvu, Komeo alikuta Mgeni wa mkiani amejikunja majani kama mtu anayeumwa tumbo. Zamu ya maji ilikuwa bado siku mbili. Mkono wake ulikwenda shingoni wenyewe, ukashika ufunguo. Binti alikuwa juu ya tuta, anamtazama. Komeo aliketi chini kwenye udongo, akaikalia mikono yake yote miwili, akabaki hivyo mpaka hamu ilipopita.

"Unamwonea haya Mgeni, shangazi?"

"Naona haya sana. Andika hivyo hivyo alivyo."

Karatasi ya pili ilibandikwa pale pale mlangoni, na ilikuwa na maandishi madogo zaidi. Getini, wakilingana maji, Mgeni alimshinda Mwenyeji kwa gunia moja. Mkiani, Mgeni alitoa magunia manne, Mwenyeji sita. Hakuna aliyepata mara mbili ya mwenzake popote. Watu waliisoma wakiwa wamesimama, kwa vidole, na wakabishana mpaka adhuhuri, kila mmoja akitafuta mahali pake. Hivyo ndivyo karatasi inavyosomwa.

Kura ilichukua muda mfupi kuliko chai. Kitalu kikagawanywa: wenye majaruba ya getini wanaotaka Mgeni wamchukue, wakijua kwamba kila msimu itawabidi kununua mbegu mpya, wa mkiani wabaki na Mwenyeji, na chumba cha mbegu ya zamani kisiguswe. Mtafiti alibeba fomu ya binti, ile yenye mstari wa rula, akasema fomu zitachapishwa hivyo kwa skimu zote. Binti akaajiriwa tena kabla buti zake hazijakauka. Na Tayari, bila kuambiwa na mtu, alinunua komeo jipya la chuma akalipiga misumari kwenye mlango wa chumba cha mbegu. Akamkabidhi mgawa maji ufunguo, ukawa wa kumi na tano shingoni.

"Tayari," mwenyekiti alisema.

Sasa turudi kwako, uliyepita. Kuna karatasi nyingine mlangoni kwenu wakati huu huu unaposoma. Huenda ni ya mpunga, huenda ni ya mahindi, ya mbuzi, ya dawa, ina maandishi makubwa juu na saini chini, na magunia ya kitu usichoweza kukirudisha yamesogezwa karibu na mashine. Huna haja ya kuibandua. Chukua kalamu. Nenda pale mchana kweupe, watu wakiona, uandike chini yake neno moja: Wapi? Kisha kaa hapo mpaka mtu aje akujibu, na asipokuja, kakalie kiti chake. Inuka sasa. Mashine ya kukoboa ikishawashwa, utakuwa umechelewa.